Milimita Nane na Nusu

Whitney Obura alikuwa akichora mipaka ya uwanja wa watoto kwa ncha ya sindano alipoona nyumba ambayo hakuijenga. Aliweka sindano chini, akachukua kioo cha kukuza.

Kazi yake, katika chumba alichokodi nyuma ya duka la saruji mjini Kitengela, ilikuwa kutengeneza mifano midogo ya majengo ili wanunuzi waone kitakachojengwa. Mfano huu ulikuwa wa mtaa mpya karibu na machimbo ya mawe. Mita moja ya ardhini ilikuwa milimita tano mezani.

Nyumba ile ilikuwa ya mawe, paa la mabati, mlango wa bluu. Whitney aliing'oa kwa kisu, akapasawazisha kwa msasa, akaenda kunywa chai. Aliporudi ilikuwa imesimama tena, na mzee ameketi mlangoni juu ya kigoda. Alimpima kwa kalipa, koleo lake la kupimia, akijihadhari chuma kisimguse. Milimita nane na nusu, yaani mtu wa mita moja na sentimita sabini. Kipimo kilikuwa sawa, na hilo lilimtuliza kidogo.

Alimpigia simu Nelson, meneja wa mauzo wa kampuni iliyoagiza mfano. Nelson alikuja, akainama, akamtambua mzee mara moja. Alikuwa Warfa, mchuuzi wa mbuzi. Alikuwa amenunua ploti mahali hapo na kujenga, kisha kampuni ikaja na hati nyingine. Asubuhi ya kubomoa, Warfa alitoka nje na mkewe, halafu akarudi ndani kuchukua miwani. Tingatinga halikungoja.

"Nani alimwambia dereva aendelee?" Whitney aliuliza.

"Ni mimi," Nelson alisema. Kisha akataka kujua kama mfano utakuwa tayari Jumamosi.

Whitney aliulizia sokoni kwa wauza mbuzi mpaka akampata mjane wa Warfa. Fosiya alikuwa akiishi Kajiado mjini kwa kakake, Mowlid. Whitney alimweleza, na Fosiya akaja kesho yake, akavua viatu mlangoni ingawa sakafu ilikuwa na vumbi la mbao, akamsalimia mumewe pale mezani. Warfa aliitikia kwa sauti nyembamba kama ya mbu. Walizungumza Kisomali kwa muda mrefu. Whitney aliendelea kubandika miti.

"Hanioni vizuri," Fosiya alisema mwishowe. "Hana miwani. Wewe uko na mkono mwepesi, msichana wangu. Mtengenezee."

Ilikuwa kazi ndogo kuliko zote alizowahi kufanya. Uso wa mzee haukufika milimita moja kwa upana. Whitney alichomoa uzi mmoja wa shaba katika waya wa umeme, akautia alama mbili kwa wembe, akaukunja kwa kibano, pumzi ameibana. Vioo vilikuwa vitone vya gundi. Jozi ya kwanza ilipinda. Ya pili ilimkaa.

Warfa alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Kisha akageuka, akatazama maghorofa, barabara, magari ya plastiki. Akatazama chini, penye mistari iliyopita katikati ya nyumba yake, akasema neno.

"Anauliza hii mistari ni ya nini," Fosiya alisema.

"Ni ya bembea za watoto, mama."

Fosiya alimfasiria. Warfa aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kawaida. Fosiya alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akavaa viatu, akaenda kutafuta gari la Kajiado.

Ijumaa alitoboa matundu ya bembea mahali alipoyatia alama. Moja lilipita sebuleni. Warfa alibeba kigoda chake, akasogea pembeni kumpisha.

Jumamosi mfano uliwekwa chini ya hema, na wanunuzi wakauzunguka wakiwa na soda mikononi. Mwanamke mmoja aitwaye Beverlyne, aliyekuja na mumewe kuchagua nyumba ya kona, aliinama mpaka pua ikakaribia bembea. Aliuliza mzee yule ni nani.

"Huyo ni wa hapa mezani tu," Nelson alisema. "Mkihamia hamtamkuta."

Beverlyne aliridhika. Mumewe aliuliza kama maji yatakuwepo kila siku.