Nguzo Ishirini na Sita za Ipagala

Matonya alikuwa akikandika udongo na samadi kwenye ukuta wa tembe la ukoo wao, nyumba ndefu ya paa la udongo, pale Ipagala, wapima reli wa Kijerumani walipofika na kamba yao. Kamba ilipita katikati ya zizi, ikaingia mlangoni, ikatokea upande wa pili.

Majirani walihama wiki hiyohiyo. Matonya aligoma. Alikwenda bomani mara tano, akachapwa mara mbili. Mara ya sita alimweleza Bwana Mkubwa, Mjerumani mkuu wa boma, kwamba tembe lile halivunjwi, kwa kuwa kila mwanamke aliyeolewa mle alisimamisha nguzo yake, na nguzo ikaitwa kwa jina lake. Akayataja majina yote ishirini na sita, la mwisho likiwa Nyemo, mama yake mzazi. Karani Yahaya, mtu wa Kondoa, akayaandika. Matonya alirudi nyumbani roho imetulia, akiamini kwamba jambo lililoandikwa serikalini haliguswi. Maskini, hakujua serikali huandika kwa ajili gani.

Tembe lilibomolewa Jumatatu. Nguzo zikawa kuni za jikoni kwa askari.

Jumanne asubuhi wanawake ishirini na sita, wote marehemu, walikuwa wamesimama uwanjani, kila mmoja penye shimo la nguzo yake, mikono juu, wamebeba paa ambalo halikuwapo. Matonya aliwaamkia mmojammoja. Nyemo alimuuliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Akamjibu bado.

Msimamizi wa reli alilalamika kwamba wanaziba njia. Bwana Mkubwa alikuja, akawazunguka, akauliza wanakula nini. Akaambiwa hawali. Kesho yake wakapangiwa kubeba mataruma ya chuma ya kulazia reli.

Tatizo lilikuwa moja tu: hawakusogea mpaka waitwe kwa majina, na mwitaji awe mtu wa ukoo. Basi kila asubuhi Matonya alisimamishwa kando ya tuta la reli, askari mwenye kiboko nyuma yake, akaita.

Siku ya tisa aliita ishirini na watano, akanyamaza. Mama yake alibaki peke yake, mikono juu. Matonya hakufungua kinywa, hata kiboko kilipomshukia.

Yahaya alifunua daftari, akapitisha kidole kwenye orodha, akasema kwa upole, "Umemsahau mmoja, mzee. Nyemo."

Kiboko kilishuka tena, kikashuka tena.

"Nyemo," Matonya akaita.

"Abee, mwanangu," mama yake akaitika. Akashusha mikono, akainama kuchukua taruma.