Msukumo wa Jua

"Kijani kitupu, hakuna kasoro hata moja," alisema mkurugenzi, akigonga kioo cha kompyuta kwa kidole. "Sasa unataka nini tena, Mama Kivuli?"

Jina hilo alipachikwa na wenzake. Mhandisi huyu alikuwa ameumaliza ujana wake akichunguza kinachozipata setilaiti zinapopita kwenye kivuli cha dunia. Mwanga wa jua una msukumo, mdogo kuliko pumzi ya mtoto aliyelala, lakini usipouhesabu, setilaiti inakuwa haipo pale unapodhani ipo, na aliye chini akiuliza yuko wapi anajibiwa uongo. Hesabu za msukumo huo zilikuwa zake, na leo mfumo wa setilaiti unaozitumia ulikuwa unazinduliwa rasmi. Wageni walishajaa ukumbini, tai shingoni.

"Hicho kijani ndicho kinachonitia hofu," alisema. "Kinakagua hesabu zangu kwa hesabu zangu zilezile. Kituo cha leza, kinachopima kwa mwanga kutoka ardhini, kimeipima setilaiti ya saba asubuhi hii. Ikitoka kivulini inageukia upande ambao sikuuandika. Tumepishana mita tatu."

"Moja tu kati ya zote! Wenzake wataifunika."

"Haifunikiki. Inawavuta wenzake. Tuitoe."

"Ukiitoa, mfumo mzima unazimika na kuanza upya. Mbele ya waziri? Acha utani, mama." Akanyoosha koti lake akaenda kwa wageni.

Mama Kivuli alibaki mkono shavuni. Mumewe alikuwa rubani wa bandari, kazi yake kuziingiza meli kwenye mlango mwembamba wenye miamba pande zote mbili, na alishapewa chombo cha mfumo huo akitumie kwa majaribio. Akampigia.

"Mke wangu, niko kazini," alisema mumewe. "Ukungu umeshuka, hata pua ya meli siioni. Ila usiwe na wasiwasi, chombo chako kinanipeleka kama nimeshikwa mkono."

Nyuma ya sauti yake honi ililia mara moja, ndefu, ile ya meli inayokwenda. Mbili ndefu zingekuwa za meli iliyosimama. Mumewe ndiye aliyemfundisha, walipokuwa wachumba.

"Maboya anayaangalia nani?"

"Maboya? Si wewe uliyeniambia niache ushamba?" Akacheka.

"Simamisha meli."

"Hii si baiskeli, mama watoto. Kuna nini?"

"Nimekosea." Alitaka kulia, akajikaza. "Chombo kinadanganya. Mimi ndiye niliyekosea."

Akamsikia akipiga kelele, "Injini nyuma! Nyuma yote!" na simu ikakatika.

Alitazama kioo. Angeweza kukaa kitako amngojee mtu wake. Lakini ukunguni hakuwemo mumewe peke yake, na wengine hawakuwa na mke wa kuwapigia simu. Akaandika amri ya kuitoa setilaiti ya saba, akabonyeza.

Kijani kikafutika chote. Ukumbini makofi yalianza yakafia njiani, kisha viti vikaburuzwa na mtu akaja mbio kwenye korido akiliita jina lake halisi, ambalo hapo kazini halikuwa limetajwa miaka mingi.

Hakugeuka. Alifungua dirisha. Huku juu kilimani jua lilikuwa limeshatoka, likampiga usoni. Kule chini bandari yote ilikuwa imemezwa na ukungu. Honi ikalia, ndefu, ikanyamaza. Mama Kivuli akashika ukingo wa dirisha, akasubiri ya pili.