Diski Iliyovimba

Profe Lisandro Quiroga alifariki mwezi wa Mei, huko Córdoba, na hesabu yake ikabaki mikononi mwa Ailín, mwanafunzi wake wa mwisho. Ilikuwa hesabu ya nyota mbili za nutroni, mabaki mazito ya nyota zilizokufa, zinazogongana, na ya diski ya moto inayobaki ikizunguka baada ya mgongano. Kompyuta ilionyesha diski hiyo ikirusha angani maada nyingi ajabu, yenye dhahabu ndani yake. Nélida, mjane wa profe, alikuwa amekwisha kuwatangazia ndugu wote, na chuo kilipanga matokeo yasomwe siku ya kumkumbuka profe.

Kabla ya kuyatoa, Ailín alifanya kama profe alivyomfundisha: zima kitu kimoja, utazame. Akazima mnato, ule msuguano mzito kama wa asali unaoitanua diski mpaka ikamwaga maada nje. Bila mnato, diski ilipaswa kuzunguka tu palepale. Ikavimba.

Basi kulikuwa na joto lisilo na mwenyewe. Alilitafuta wiki nzima. Protoni na nutroni zinapoungana kuwa heli hutoa joto, na joto hilo lilikuwa tayari ndani ya jedwali la shinikizo ambalo kompyuta ililitumia. Profe alikuwa ameliongeza tena kwenye mimenyuko ya kinyuklia, likahesabiwa mara mbili. Mstari wenyewe wa programu aliuandika Machi, wakati dawa zimeshamchosha. Ailín alipoufuta, maada iliyorushwa ikapungua hata nusu isifike.

Alikwenda kwa Nélida Jumapili. Mama huyo alimpa kikombe cha mate, chai ya majani machungu, akamtazama juu mpaka chini.

"Umekonda kama waya. Hizo nyota zako hazijui kupika?"

Ailín akacheka kidogo, kisha akamweleza yote. Nélida aliuliza tu kama mumewe alikuwa mgonjwa tayari alipouandika mstari huo, akaambiwa ndiyo.

"Ungeiacha ilivyo, nani angejua?"

"Mimi, mama. Na siku moja angetokea mwingine akalikuta kosa hilo, akamcheka profe naye hayupo kujitetea."

"Kwa hiyo umezima hiki, umezima kile, mwisho ukamzima na yeye."

Ailín alijaribu kusema kwamba sehemu ya mnato ilikuwa sahihi, kazi ya miaka ya profe, na kwamba jina lake lilistahili kutangulia kwenye makala. Nélida akatikisa kichwa.

"Liondoe. Lisandro alikuwa akirudia hesabu ya sokoni mara tatu. Sitaki jina lake likae juu ya kitu alichoandika akiwa hajijui."

"Ni kazi yake, mama."

"Ni mume wangu, mwanangu."

Ailín alirudi Jumapili mbili nyingine kumbembeleza, na jibu likawa lilelile. Mwishowe makala ilitoka na jina moja, la Ailín. Profe akatajwa kwenye shukrani, kwamba hesabu ya mnato ni yake. Siku ya kumbukumbu zilisomwa kazi zake za zamani, na Nélida alikaa mbele, akasikiliza, akaondoka bila kuaga.

Wenzake walimpongeza Ailín. "Makala ya kwanza, tena peke yako," walisema. Aliwaambia asante, mmoja mmoja, akashindwa kuwaeleza kwamba hilo neno "peke yako" ndilo lililokuwa likimuuma.