Maneno ya Vitu Visivyotulia

Mwanangu alikuwa amelala juu ya meza ya fundi cherehani, kazungushiwa magauni ya watu asibingirike, mdomo wazi, utepe wa kupimia umebanwa kiganjani. Fundi alikuwa ameacha kushona ili mashine isimwamshe. Nilisimama mlangoni na begi la madaftari begani.

"Polepole, mama Bosi," akaninong'oneza. "Bosi mwenyewe ndiyo kwanza kapitiwa."

"Nani kamleta?"

Akaelekeza kidevu ukutani, upande wa chumba chetu. "Bibi yake. Kasema kuna mtu kasahau mtoto."

Kabla sijatoka jioni ile, nilikuwa nimempa Mama mtihani wetu. Niliuanzisha tangu siku aliponiuliza, huku namchana nywele, mimi ni wa nyumba gani. Kila nilipotaka kwenda darasani nilimwinua mtoto mbele yake, kama natania: "Mama, huyu nani?" Akikosea, navua viatu, nabaki. Akipatia, nakimbia. Sikuwa na mwingine wa kumwachia. Mume wangu alikuwa barabarani na malori ya watu. Na Mama mwenyewe ndiye aliyenisukuma nirudi shule, kitovu cha mtoto hakijakauka vizuri.

Siku ile alinikata jicho. "Mjukuu wangu huyo. Kama wewe umemsahau, shauri yako. Nenda, utachelewa."

Nikaenda, moyo mweupe.

Darasani mwalimu wa Kiingereza alitupa maneno ya vitu visivyotulia. Aliyaandika ubaoni moja moja, akituelewesha: variable, kinachopanda na kushuka, unstable, kinachoweza kuanguka wakati wowote, fickle, moyo wa leo huyu, kesho yule. Akataka mifano.

"Bei ya vitunguu!" alisema mwenzetu muuza mboga.

"Shemeji yangu," akadakia mhudumu wa hoteli. "Muweke kwenye lile la tatu, mwalimu, na upige mstari."

Tulicheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani. Mimi nilikuwa nimenyoosha mkono, nikaushusha. Nilitaka kuuliza neno la mtu anayekujua asubuhi, jioni anakukaribisha kiti kama mgeni. Katika yale matatu hakuna lililomkaa Mama. Fickle lilikuwa tusi; Mama hajawahi kunigeuka. Variable lilitaka kipimo, na kipimo changu kilikuwa swali moja tu la mlangoni, ambalo usiku ule, hata kabla sijafika nyumbani, lilikuwa limeshaharibika.

Nilimbeba mtoto kutoka kwa fundi, nikaingia ndani. Mama alikuwa kitini, mikono mapajani, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi.

"Karibu, dada."

"Mama, mbona umempeleka mtoto kwa fundi?"

"Kumbe ni wako?" Akashusha pumzi. "Nimembembeleza weee, mwenyewe haji. Nikasema pale kwa fundi kuna taa, mama yake akipita atamwona." Akamgusa mguu mtoto, akamfunika vizuri. "Siku nyingine usimsahau, mwanangu. Bado mdogo huyu."

Mwanangu. Kama mama mtu mzima yeyote anavyomwita binti yeyote njiani.

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu kooni. Ningemgombeza kwa lipi? Hakumwacha peke yake kitandani, hakutangatanga naye barabarani. Alimkuta mtoto asiyemjua, akamtafutia mahali penye mwanga. Nikakaa chini, begi bado begani, nikamnyonyesha mtoto.

Asubuhi alikuwa Mama tena, anapuliza chai yake. "Jana mmesoma nini?"

Nikamwambia. Akayajaribu yale maneno, ulimi ukamkwama kwenye la tatu, akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Na mtihani lini?"

"Mwezi ujao."

"Usiwe na wasiwasi. Bosi nitabaki naye, kama siku zote."

Alisema hivyo akiwa amenitazama usoni, ananijua, ananijua kabisa, na sikuwa na pa kuliweka jambo la jana usiku. "Sawa, Mama," nikasema. Nikainuka kupanguza meza.

Kipindi kilichofuata niliwachukua wote wawili. Mwalimu hakuuliza, alivuta benchi la nyuma karibu na ukuta. Muuza mboga akageuka.

"Shikamoo, mama. Umemsindikiza binti?"

"Marahaba. Nimefuatana na huyu dada," Mama akamjibu. "Hana wa kumshikia mtoto."

Muuza mboga akanitupia jicho, kisha akainamia daftari lake.

Mtoto alipoanza kulia, Mama alimlaza begani na kumpigapiga mgongoni, mbili za haraka, moja ya polepole. Ndivyo alivyonibembeleza mimi, ndivyo alivyowabembeleza wadogo zangu. Mtoto akanyamaza.

Mwalimu alipogeuka kufuta ubao, Mama akaniinamia sikioni.

"Una bidii, wewe. Mama yako anajua kama unasoma?"

"Anajua."

"Basi anafurahi huyo." Akaegemea ukuta, ameridhika, mkono haujaacha mgongo wa mtoto.

Mwalimu alianza kuandika maneno mengine. Nikachukua kalamu, nikanakili.