Pedi za Breki na Punda wa Seleyian

Wamalwa alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la kushoto, akifungua nati, aliposikia sauti ya mwanamke mlangoni mwa banda la ndege.

"Ni wewe fundi wa hii takataka?"

Alimjua. Ni Seleyian, ambaye boma lake lilipakana na kiwanja kidogo cha ndege nje ya Kitengela. Jana yake ndege hiyo kuukuu, ya mwaka wa 1956, ilitua ikakataa kusimama. Ilipitiliza kiwanja, ikavunja ua na kumgonga punda wake aliyefungwa kando ya tangi la maji.

"Takwenya, mama," Wamalwa alimsalimu kwa Kimaasai.

Hakuitikia. "Punda alikufa akilia. Mdosi wako Muthama anaambia chifu ati nilikuwa nachunga ndani ya kiwanja. Na wewe unakaa hapa na spana!"

Wamalwa alichomoa pedi za breki akamwekea mkononi. Zilikuwa chuma kitupu. Ile sehemu nyeusi inayosugua ilikwisha zamani, na ribiti, ile misumari inayoishikilia, zilikuwa zimechimba mitaro kwenye diski.

"Hizi zinafaa kuwa nene kama penseli. Niliandika kwa kitabu cha ndege isiruke. Mara tatu! Muthama akanicheka."

"Na bado ukamwachia akaruka."

Wamalwa aliinamia tena gurudumu. Angeweza kung'oa magurudumu ayafungie stoo. Hakufanya hivyo.

Gari lilisimama nje. Muthama, mwenye ndege, aliingia na kitabu mkononi.

"Weka sahihi hapa. Andika pedi zilibadilishwa mwezi uliopita."

"Zinabadilishwa leo."

"Wamalwa, andika! Punda ni punda tu."

Seleyian alimsogelea hadi Muthama akarudi nyuma, mgongo ukagusa bawa. "Rudia hiyo maneno."

Muthama alimnyoshea Wamalwa kalamu.

Wamalwa aliichukua. Aliandika tarehe ya siku hiyo na, chini yake: pedi zilizotolewa zilikuwa zimekwisha kabisa. Akatia sahihi.

"Huna kazi hapa," Muthama alifoka.

"Sawa. Lakini siachi hii kazi katikati iue mtu. Kaa kando."

Aligonga ribiti za pedi mpya moja moja, akabadilisha diski, kisha akapampu mafuta ya breki hadi mapovu yakaisha. Seleyian alikaa juu ya debe akimtazama. Alipoondoka, alibeba zile pedi kuukuu ndani ya shuka yake.

Jumatatu aliziweka juu ya meza ya chifu, na kitabu cha ndege, ambacho chifu aliagiza kiletwe, kikasomwa mbele ya watu. Muthama aliamriwa alete punda mwingine na ajenge ua.

"Na wewe fundi," chifu aliuliza, "ulijua haya yote. Mbona ndege iliruka?"

"Niliogopa kufutwa kazi."

Nje, Wamalwa alimfuata Seleyian hadi langoni. Mama huyo aligeuka ghafla.

"Usifikiri nimekusamehe."

"Najua, mama."

"Ningekuwa nachota maji, ningekufa mimi."

Akaondoka kwa hatua za haraka. Wamalwa alibaki pale langoni, akijilaani kwa sauti, hadi askari wa chifu akamwambia aende nyumbani.