Adui Aliyeomba Mji

Hilda, mjukuu wangu, ana marafiki watatu tu hapa mtaani kwetu, Area D, na mwezi uliopita nusura awapoteze wote kwa mpigo.

Kila Jumamosi mchana wanakuja kucheza mchezo wao wa dadu na karatasi. Mmoja anaongoza, anasimulia mlipofika na kilicho mbele yenu. Wengine wanasema watafanya nini, halafu dadu linaamua kama wameweza. Kiongozi ni Hilda. Ni yeye anayewaletea maadui, na maadui wake walikuwa wanachekwa.

"Ana vichwa saba, meno kama mapanga," alisema siku hiyo.

"Wiki jana vilikuwa vitano," akasema Obedi, yule mrefu mwenye mdomo. "Huyu akienda kunyoa, kinyozi si atalala hapohapo?"

Anyesi akacheka mpaka akamwaga chai. Bashiri akarusha dadu, jitu likafa. Wakati wanavaa viatu, Obedi akasema, "Hilda, usikasirike. Jumamosi tukikuta jitu lingine, sisi tunaenda zetu mpirani."

Hilda akanifuata jikoni, nachambua mlenda. Machozi yanamlenga.

"Bibi, hawaogopi kitu."

"Mimi nikiwa mdogo kule Kongwa nilimwogopa fisi. Unadhani alikuwa na vichwa vingapi?"

"Kimoja."

"Kimoja, tena kibaya. Lakini alijua mlango wa zizi letu, na mle ndani nilikuwa na mbuzi wangu, nimempa na jina. Hayo majitu yako yanakuja kumchukulia nani nini?"

Akajifuta macho kwa ncha ya kanga yangu.

"Nikikutegea kitendawili ukashindwa, unanipa nini?"

"Mji."

"Huko kwenye mchezo wenu hakuna miji?"

Miji ilikuwepo! Miezi mitatu walikuwa wanaichora nyuma ya kalenda ya zamani. Anyesi alikuwa na Kisima Cheupe, una shule, mwalimu mmoja na punda kilema. Hilda akanitazama, akaondoka mbio hata mlenda hakunisaidia.

Jumamosi nilikaa barazani na ungo wangu wa karanga. Dirisha lilikuwa wazi.

"Ni mchana," Hilda akasema, sauti ya chini. "Mzee mmoja anapiga hodi. Hana silaha. Anaomba maji ya kunywa."

"Namkata," akasema Obedi.

"Upanga unapita kama kwenye moshi. Hakasiriki. Anasema, kijana, nimeomba maji. Halafu anasema: kitendawili."

"Tega!" wakaitika wote watatu, kwa mazoea. Hawakujua kwamba wameshakubali.

"Nimepita shambani kwenu mchana kweupe. Sikung'oa mche, sikukata jani, na hamtavuna."

"Panzi!"

"Panzi anakula majani, wewe Bashiri! Ni mwizi."

"Moto!"

"Ni jua la kiangazi," Hilda akasema. "Mmeshindwa. Anasema, nipeni mji."

Obedi akafungua mdomo acheke, akakuta yuko peke yake.

"Mpe ule wa mtoni," Bashiri akanong'ona. "Hauna hata watu."

"Anatikisa kichwa. Anataka mji mnaoupenda. Na mchague wenyewe."

Kisha wakagombana, hasa. Kila mmoja na mji wake, kila mmoja na watu wake. Mwisho Anyesi akasema kwa sauti nyembamba, "Chukua Kisima Cheupe. Wako wachache."

Hilda akashika kifutio, akafuta shule polepole, akafuta kisima.

"Subiri," akasema Obedi. "Mwalimu yuko wapi?"

Hilda hakuwa amefikiria hilo. Akageuka dirishani kunitafuta. Nikainamia karanga zangu. Mchezo ni wake.

Akavuta pumzi. "Amewapandisha wadogo juu ya punda, wakubwa wanatembea. Wanaelekea milimani. Yule mzee yuko nyuma yao. Hakimbii. Anatembea tu."

"Tunawafuata," Anyesi akasema, tayari ameshika dadu.

"Kwa upanga?" Bashiri akauliza. "Upanga haumgusi huyo."

"Kwa akili, bwana! Fikiri, wanatufia hawa!"

Saa kumi na moja simu ya Obedi ikaita. Mama yake. Mpira ulishaanza, na mimi chai nilikuwa nimeshachemsha mara ya pili.

"Nakuja, mama," akasema, jicho lake haliondoki kwenye kalenda. "Nakuja, lakini kuna watoto huku bado wako njiani."