Mikono ya Mahameli

Siku Taratibu alipoajiriwa, Mkasi ndiye aliyempokea. Alimwonyesha choo, akamwonyesha cherehani inayokula uzi, akamnong'oneza fundi yupi ukimwazima sindano umemzawadia. Wakati huo Mkasi alikuwa na moyo mkubwa. Yeye ndiye mkataji, na mwenye meza ya kukatia ndiye mwenye duka, baada ya Shangazi mwenye mali.

Miezi ikapita. Wateja wakaanza kuingia wakiuliza, "Yule mpole yupo?" Jina la utani lenyewe, Taratibu, Mkasi ndiye aliyempa kwa kejeli, kwa sababu alishona polepole. Sasa wateja wanalitamka kama marhamu. Mkasi akisikia anabana mdomo, chai inakuwa chungu na sukari imo.

Kila mchana mkamwana wa Shangazi, mwalimu, aliwafundisha Kiingereza kidogo pale dukani, maana wageni walizidi. Siku moja akaandika kitenzi ubaoni: dare.

"Kina matumizi mawili," akasema. "Kwanza, unathubutu mwenyewe. Pili, unamwambia mwenzako athubutu, kumpima kama ni mwoga. Hapo wewe huna unachohatarisha, unakaa pembeni unatazama. Haya, nani atatunga sentensi?"

Mkasi alishasimama. Kwa Kiingereza chake cha kubomoka, lakini kilichoeleweka mpaka kwa muuza soda mlangoni, akamtaka Taratibu akate ile mahameli ya zambarau.

Mafundi wakaguna. Mahameli ile ilikuwa ya mama mwenye duka la dawa, ametumiwa na mdogo wake aliye ng'ambo, na kitambaa kingine cha kufanana nayo hakipatikani. Ilitosha gauni kwa kubanabana.

"Mimi sikati, dada," Taratibu akajibu kwa upole. "Kitambaa cha watu si cha kupimana ubavu."

"Ahaa! Simba wa karatasi," fundi wa vifungo akacheka.

"Basi kata wewe, Mkasi," Shangazi akasema. "Kazi ni yako, kelele za nini?"

Mkasi akatandaza kitambaa. Kila anayekata mahameli huipapasa kwanza kwa kiganja, ajue vinyweleo vyake vinalala upande gani, kisha vipande vyote hukatwa vikielekea upande mmoja. Ukikigeuza kimoja, mwanga ukikipiga kinakuwa na rangi nyingine kabisa. Mkasi alilijua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Lakini macho yake hayakuwa kwenye kitambaa. Yalikuwa kwa Taratibu, anayetazama.

Mikono ya gauni ikakosa nafasi. Akaigeuza kichwa chini, ikaenea.

"Dada, umepapasa?" Taratibu akauliza kwa sauti ya chini.

"Nikitaka mwalimu, yule pale ana chaki." Mkasi akakata.

Kiwiliwili alishona mwenyewe. Mikono akapewa Taratibu, akaiunga bila neno. Kesho yake Shangazi akaivalisha sanamu gauni lile karibu na dirisha, akarudi nyuma hatua kadhaa. Kiwiliwili kilikuwa zambarau. Mikono ilikuwa kama imechovywa kwenye wino.

"Nani kaunga hii mikono?"

"Taratibu," wakajibu wawili kwa pamoja.

Hapo ndipo Mkasi alipopata alichokiomba. Hakuhitaji hata kusema uongo, ilitosha afunge mdomo. Fundi anayeharibu kitambaa cha mteja huonyeshwa mlango, na meza ingebaki yake bila mpinzani. Akamtazama Taratibu, akingoja ajitetee ili amrukie. Taratibu akaendelea kusokota kipande cha uzi kidoleni. Na Mkasi akamwonea wivu hata kwa ule ukimya, maana yeye asingeuweza.

"Mkono hauna kosa," Mkasi akasema. "Mimi ndiye niliyekata kichwa chini. Aliniuliza, nikamjibu jeuri."

Mtu wa pasi akainua pasi.

"Wewe?" Shangazi akasema. "Wewe wa kukata mahameli umefumba macho?"

"Nilikuwa nimeyafumbua, Shangazi. Yalikuwa kwa mtu."

Shangazi akafumua mikono mwenyewe. "Mama wa dawa atavaa bila mikono, nitambembeleza, mabega anayo. Wewe nenda cherehani. Taratibu, chukua meza, ukate gauni upya kwenye makwapa likae bila mikono."

"Shangazi, dada ndiye…"

"Nimesema chukua."

Mkasi akakaa kwenye ile cherehani inayokula uzi, ameipa meza mgongo. Nyuma yake akasikia kiganja kinapapasa kitambaa, polepole, kisha mkasi ukaanza kutembea bila kusita. Alijaribu kusikia kosa. Halikuwepo, na hilo ndilo lililomuuma.

"Ukifika kwenye kwapa," akasema bila kugeuka, "usikate hadi alama. Mama yule amenenepa."

"Asante, dada."

"Usiniite dada. Kata."

Uzi ukakatika. Akautia tena kwenye sindano.